Mbwa Wako Anaguguna Nyayo? Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Dawa

Mbwa anayelamba na kuguguna nyayo zake usiku kucha si jambo geni katika maboma yetu. Wengi huliona kuwa dogo. Mwenye mbwa hupaka oili chafu ya gari, au huchukua dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyobaki kwenye chupa, kisha husubiri. Wiki mbili baadaye mbwa bado analamba, nywele zimenyonyoka na sasa kuna kidonda.

Shida huwa kwamba dawa imetafutwa kabla ya chanzo kujulikana. Muwasho ni dalili tu. Nyuma yake huenda kuna mwiba, kupe, upele, minyoo, mzio, fangasi au funza. Kila kimoja kina tiba yake, na tiba ya kimoja haiponyi kingine. Tena baadhi ya vyanzo hivi havikomei kwa mbwa. Funza walio kwenye nyayo zake ndio hao hao wanaoingia kwenye vidole vya watoto wanaocheza uani. Ukimkagua mbwa vizuri, huenda ukawa umeikagua afya ya nyumba nzima.

Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua namna mfugaji wa Kaunti ya Kilifi anavyoweza kutafuta chanzo, lipi anaweza kulifanya mwenyewe, na lipi anapaswa kumwachia daktari wa mifugo.

Anza na usalama wako

Kabla ya kumshika mbwa mguu, mtazame kwa mbali kidogo. Je, anakula na kunywa kama kawaida? Anawatambua watu wa nyumbani? Ikiwa amebadilika ghafla, anauma vitu ovyo, anatokwa na mate mengi, anashindwa kumeza, sauti yake imegeuka au anayumba akitembea, usimguse. Dalili hizo zinaweza kuwa za kichaa cha mbwa, na mbwa mwenye ugonjwa huo wakati mwingine huguguna mahali pale pale alipoumwa. Wazuie watu na wanyama wasimkaribie, kisha mjulishe afisa wa mifugo au chifu mara moja.

Mtu aliyeumwa, aliyeparuzwa, au aliyelambwa kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo ili aanzishiwe chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, huua karibu kila mara. Kabla ya dalili, kinazuilika.

Ikiwa mbwa yuko sawa katika mengine yote, bado kuwa mwangalifu, kwa maana mbwa mpole pia huuma akiguswa palipo na maumivu. Mtu anayemzoea amshike kichwa. Unaweza kumfunga mdomo kwa kitambaa laini, lakini kwa dakika chache tu na kivulini, kwa sababu mbwa hupunguza joto la mwili kwa kuhema. Vaa glavu, au funika mikono kwa mifuko safi ya plastiki, na unawe kwa sabuni ukimaliza.

Maswali manne yanayofungua njia

Daktari wa mifugo akiletewa mbwa mwenye muwasho wa miguu, huanza kwa kuuliza. Maswali haya manne unaweza kuyajibu nyumbani, na majibu yake huondoa zaidi ya nusu ya ubahatishaji.

La kwanza: ni mguu mmoja au ni yote? Mguu mmoja mara nyingi huwa na kitu kilichoingia au jeraha: mwiba, kipande cha kioo, kupe mmoja, kucha iliyovunjika. Miguu miwili ya mbele au yote minne huelekeza kwenye mzio, vimelea, au kitu ambacho mbwa anakikanyaga.

La pili: ni sehemu gani ya mguu? Mkague kwenye mwanga wa mchana. Angalia juu ya vidole, kisha vitanue vidole uone katikati yake, halafu geuza mguu uone ngozi nene ya chini, na mwisho chunguza kuzunguka kila kucha. Usisahau kucha ya pembeni iliyo juu kidogo ya nyayo, kwani hiyo haigusi ardhi wala haisuguliki, na huweza kurefuka ikajipinda na kuingia nyamani.

La tatu: ulianza lini, na nini kilibadilika? Huenda kuna ujenzi umeanza jirani, sabuni mpya ya sakafu, chakula kipya, mbwa mgeni, au kiangazi kimeingia na vumbi limezidi.

La nne: nani mwingine anajikuna? Hili ndilo swali linalosahaulika zaidi. Wahesabu mbwa wengine, paka, mbuzi, nguruwe na watu. Kuumwa na mwiba hakuambukizwi. Upele na funza hawamheshimu mwenye nyumba.

Chukua maboma matatu kama mfano. Katika boma la kwanza, mbwa mmoja anachechemea na kulamba mguu mmoja wa mbele tangu jana alipotoka kuchunga mbuzi kichakani. Hapo tafuta mbigili au mwiba kati ya vidole. Katika boma la pili, mbwa analamba miguu yote minne, hajakonda, hana kupe, na hakuna mwingine anayejikuna, lakini hali hiyo humrudia kila mwaka msimu ule ule. Hapo fikiria mzio. Katika boma la tatu ni wakati wa kaskazi, uwanja ni mchanga mkavu, mbwa wawili wanaguguna chini ya nyayo, na mtoto wa miaka 7 anatembea kwa visigino. Boma hilo lina funza, na tiba ya mbwa peke yake haitatosha.

Funza: chanzo kinachohusu nyumba nzima

Funza ni kiroboto mdogo sana, wa takriban milimita 1. Asili yake ni Amerika Kusini na visiwa vya Karibiani. Mwaka 1872 aliingia Angola kwa meli iliyotoka Brazil, na kabla ya karne hiyo kwisha alikuwa amevuka bara la Afrika hadi pwani hii yetu. Leo ni tatizo linalojulikana katika vijiji vingi vya Kenya, vikiwemo vya Kilifi.

Jike hujichimbia kwenye ngozi na kuacha nje ncha ya nyuma tu, ambayo ndiyo anayopumulia na kutolea mayai. Katika muda wa wiki moja au mbili huvimba hadi kufikia ukubwa wa punje ya mbaazi. Mayai huanguka ardhini, na viluwiluwi vyake hukua katika vumbi na mchanga mkavu. Ndiyo maana funza huzidi wakati wa kiangazi na hupungua mvua za masika zinapolowesha ardhi.

Kwa mbwa, mtazame chini ya nyayo, kati ya vidole na pembeni mwa kucha. Utaona uvimbe mweupe au wa manjano wenye kitone cheusi katikati. Mara nyingi huwa ni wengi pamoja, na mbwa hutembea kama aliyekanyaga makaa. Kucha huweza kung'oka, na vidonda kuoza.

Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Bugiri, mashariki mwa Uganda, uliwakuta nguruwe, mbwa, mbuzi na paka wakiwa na funza katika vijiji vile vile ambako watu walikuwa nao. Maana yake ni kwamba ukimtoa mtoto funza leo na kumwacha mbwa alale mlangoni na nyayo zilizojaa, ndani ya wiki chache uwanja utakuwa na funza wapya.

Usimtoboe mbwa wala mtu kwa pini au mwiba. Kidonda hicho ni mlango wa pepopunda, na pini inayotumiwa na watu kadhaa inaweza kupitisha virusi vya homa ya ini na vya Ukimwi. Kwa mbwa, daktari wa mifugo ana dawa za kuua funza wakiwa ndani ya ngozi na za kuzuia wengine. Kwa watu, nenda zahanati au mwone mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako.

Vyanzo vingine na alama zake

Miiba, mbigili na vipande. Huanza ghafla, mguu mmoja, maumivu kuliko muwasho. Ukiona kitu kimejitokeza, kivute kwa kibano kisha osha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa. Kama kuna tundu linalotoa usaha na huoni kitu, usichimbe. Mbegu na miiba mingine husafiri ndani ya nyama, na hapo ni kazi ya daktari.

Kupe. Hupenda kujificha kati ya vidole na ndani ya masikio. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu na moja kwa moja. Usimchome kwa moto wala kumpaka mafuta ya taa. Kupe wa mbwa hueneza magonjwa ya damu, kwa hivyo mbwa mwenye kupe ambaye pia ana homa, amepauka ufizi au anatokwa na damu puani apelekwe kwa daktari bila kuchelewa.

Viroboto. Chunguza mgongoni karibu na mkia. Ukipata chembe nyeusi kama pilipili manga, zitie kwenye karatasi nyeupe iliyolowa. Zikitoa rangi nyekundu, ni kinyesi cha viroboto chenye damu. Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto huwashwa mwili mzima hata akiumwa na wachache tu.

Upele wa mbwa. Huu huletwa na utitiri unaochimba ngozini. Kwa kawaida huanza kwenye kingo za masikio, viwiko na tumboni, kisha hufika miguuni. Muwasho wake ni mkali sana. Unaambukiza mbwa wengine, na watu wanaomshika mbwa huyo huweza kupata vipele vinavyowasha mikononi na tumboni, ambavyo hupungua mbwa akitibiwa. Mbwa wote wa boma hutibiwa pamoja, hata wasioonyesha dalili. Kuna pia utitiri wa aina nyingine unaoishi ndani ya vinyweleo, ambao kwa mbwa wachanga au dhaifu hunyonyoa nywele na kuvimbisha vidole. Huo hauambukizi watu. Kwa macho aina hizi mbili hufanana, lakini kwenye hadubini hazifanani hata kidogo.

Minyoo ya safura. Viluwiluwi vyake hukaa kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa kwa kinyesi cha mbwa, na hupenya ngozi ya nyayo. Mbwa huvimba na kuwashwa kati ya vidole. Mtoto wa mbwa huweza kupungukiwa damu hadi kufa. Viluwiluwi hivyo vikimwingia mtu anayetembea bila viatu, humchora mstari mwekundu uliopinda unaosogea chini ya ngozi na kuwasha sana. Mbwa mzima apewe dawa ya minyoo kila baada ya miezi 3, na kinyesi kizolewe kila siku.

Fangasi na bakteria. Nyayo hunuka, huwa na unyevu, na ngozi kati ya vidole huwa nyekundu au yenye utando. Mara nyingi hawa si chanzo cha kwanza. Mbwa amelamba kwa sababu nyingine, unyevu wa mate ukawapa nafasi. Ukiwatibu wao tu na kuacha chanzo, watarudi. Mashilingi, yaani duara lisilo na nywele lenye magamba, pia ni fangasi, na huambukiza watoto.

Vitu vinavyounguza. Saruji mbichi, chokaa, klorini na sabuni kali za sakafu huchoma ngozi. Lami na mchanga wa ufuo wa saa saba mchana pia. Weka kiganja cha nyuma cha mkono wako juu ya lami kwa sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, nyayo za mbwa nazo hazitavumilia.

Mzio. Chavua, vumbi la nyumbani na baadhi ya vyakula huweza kumwasha mbwa miguuni, usoni, masikioni na kwapani. Mbwa mwenye nywele nyeupe hupata rangi ya kahawia kwenye nyayo kwa sababu ya mate. Mzio hautambuliki kwa kutazama mara moja. Daktari huondoa kwanza vimelea na maambukizi, na hapo ndipo anapoweza kukuelekeza umlishe mbwa chakula cha aina moja ambacho hajawahi kula kwa takriban wiki 8, bila mabaki ya mezani hata kidogo, ili kuona kama muwasho utapungua.

Unachoweza kufanya nyumbani leo

Osha nyayo kwa maji safi ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, suuza vizuri, kisha kausha kati ya vidole kwa kitambaa. Ondoa kupe na miiba inayoonekana. Kata nywele zilizoshikana. Mweke mbwa mahali pakavu, safi na penye kivuli. Andika majibu ya yale maswali manne, na ukiwa na simu yenye kamera, piga picha za nyayo kila siku. Picha hizo zitamsaidia daktari kuona mwendo wa ugonjwa.

Na haya usiyafanye:

Usipake oili chafu, dizeli wala mafuta ya taa. Huchoma ngozi, na mbwa huyalamba na kuyameza.

Usitumie dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kipimo cha kukisia. Dawa hizo huchanganywa kwa vipimo maalum, na zikizidi humpa mbwa sumu. Dawa za kupe zenye pamethrini huweza kuua paka anayelala na mbwa huyo.

Usimdunge ivamektini bila daktari. Mbwa wengine, hasa wa damu ya koli, hawaivumilii, na mbwa mdogo hupewa kwa bahati mbaya kipimo cha ndama.

Usimpe dawa za maumivu za binadamu kama vile ibuprofeni au paracetamol. Humdhuru mbwa tumbo, figo au ini.

Wakati wa kumwona daktari

Mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo ikiwa muwasho umepita siku 3 bila nafuu, kuna usaha au damu, nyayo zimevimba, hawezi kukanyaga, ana homa au hali, nywele zinanyonyoka mahali pengi, au kuna mtu nyumbani aliyeanza kujikuna.

Kipimo cha kwanza huwa rahisi. Daktari hukwangua ngozi kidogo, hubandika utepe wenye gundi juu ya ngozi, au hung'oa nywele chache, kisha hutazama kwenye hadubini. Kwa dakika chache anaweza kuona utitiri, fangasi au bakteria, ingawa utitiri wa upele ni mjanja na wakati mwingine hukosekana hata ukiwepo. Gharama ya kipimo hiki mara nyingi ni nafuu kuliko chupa tatu za dawa zisizofaa zilizonunuliwa agroveti kwa kubahatisha.

Hakikisha anayekuhudumia ni mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kama inavyotakiwa na sheria ya mwaka 2011. Una haki ya kumwomba akuonyeshe leseni yake. Mweleze uzito na umri wa mbwa, na kama ni jike, mwambie iwapo ana mimba au ananyonyesha.

Kutibu boma, si mbwa pekee

Ikiwa chanzo ni funza, viroboto, upele au minyoo, wanyama wote wa boma watibiwe siku moja. Mbwa wasilale ndani ya chumba cha watoto. Nyunyiza maji kwenye sakafu ya udongo kabla ya kufagia ili vumbi lisiruke, na fagia kila siku. Mwenye uwezo aizibe sakafu kwa saruji, kwa maana funza hakui mahali pagumu pasipo na vumbi. Kila mtu aoshe miguu kwa sabuni kila jioni na avae viatu. Matandiko ya mbwa yafuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Dawa ya kunyunyiza uwanjani itumiwe kwa maelekezo ya afisa wa mifugo. Zungumzeni pia na majirani, kwa sababu mbwa wa jirani haombi ruhusa kuvuka ua.

Huduma hii iko karibu nawe

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, udhibiti wa magonjwa ya wanyama, ustawi wao na utoaji wa leseni za mbwa ni majukumu ya serikali za kaunti. Mwananchi hapaswi kuona haya kufika katika ofisi ya mifugo ya wadi yake kwa sababu ya mbwa. Mbwa ni mfugo kama ng'ombe, na ugonjwa wake unaweza kuwa wa watoto wako.

Unapompeleka kwa ajili ya nyayo, ulizia pia chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa ndio chanzo cha takriban asilimia 99 ya vifo vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huo duniani. Kenya imejiwekea lengo la kuumaliza ugonjwa huu miongoni mwa watu ifikapo mwaka 2030, na ili maambukizi yakatike, angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo wanapaswa kuwa wamechanjwa. Mbwa wako mmoja anahesabika katika asilimia hiyo. Hifadhi cheti chake cha chanjo mahali salama na urudie chanjo kila mwaka.

Jioni ya leo, kabla giza halijaingia, mwite mbwa wako, mgeuze nyayo moja baada ya nyingine, kisha utazame na vidole vya watoto.